Drogba au Mané: kijana anayetaka soka la kulipwa amfuate nani?

Kijana huchagua mchezaji wa kumuiga mapema, mara nyingi kabla hajajua hata atacheza namba gani. Akishamchagua huiga kila kitu: anavyovaa soksi, anavyopiga penalti, anavyobishana na mwamuzi, na hata njia anayodhani ndiyo iliyomfikisha mchezaji huyo Ulaya. Kwa hiyo jambo hili silioni kuwa la ushabiki tu. Mzazi, kocha wa timu ya mtaani na kijana mwenyewe wanafaa kujua wanamfuata mtu wa namna gani na alipitia wapi.

Afrika Magharibi imetoa magwiji wengi: George Weah wa Liberia, Abedi Pele wa Ghana, Jay-Jay Okocha wa Nigeria, Yaya Touré wa Ivory Coast. Hapa nawaweka bega kwa bega wawili tu, Didier Drogba wa Ivory Coast na Sadio Mané wa Senegal. Wote ni washambuliaji, wote walitamba Ligi Kuu ya Uingereza, wote walitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya, na kila mmoja amekuwa Mchezaji Bora wa Afrika mara mbili. Ukiwatazama kwa mbali wanafanana. Ukisogea karibu utaona njia zao ni tofauti kabisa, na kwa maoni yangu kijana wa miaka 14 na kijana wa miaka 20 hawapaswi kumfuata mtu mmoja.

Njia waliyopita

Drogba alizaliwa Abidjan tarehe 11 Machi 1978. Mama yake alimpa jina la utani la Tito, kwa kumhusudu kiongozi wa Yugoslavia. Akiwa na miaka mitano alipandishwa ndege kwenda Ufaransa kuishi kwa Michel Goba, ndugu wa familia aliyekuwa akicheza soka la kulipwa huko. Upweke ulimzidi, akarudishwa nyumbani baada ya miaka michache, kisha akavuka tena bahari wazazi wake walipopoteza kazi. Utotoni alicheza beki wa kulia. Goba ndiye aliyemsukuma asogee mbele, kwenye mabao.

Hakulelewa katika kituo kikubwa cha kukuzia vipaji. Alipita timu ya vijana ya Levallois, nje kidogo ya Paris, akaenda Le Mans iliyokuwa daraja la pili, na mkataba wake wa kwanza wa kulipwa aliupata akiwa na miaka 21. Siku hizi kijana wa umri huo ambaye hajasaini popote huambiwa treni imeshaondoka. Hata baada ya kusaini mambo hayakunyooka. Mwili wake haukuwa umezoea kishindo cha mazoezi ya kila siku, majeraha yakamwandama, na msimu wa 2000–01 ukapita bila bao hata moja la ligi. Januari 2002 Guingamp, klabu ndogo ya Brittany, ikamchukua kwa fedha ambazo kwa viwango vya Ulaya ni za kununulia chai. Msimu wake kamili wa kwanza hapo, 2002–03, alifunga mabao 17 ya ligi akicheza na Florent Malouda, ambaye baadaye walikutana tena Chelsea, na Guingamp ikamaliza nafasi ya saba. Ilikuwa mwaka huo huo wa 2002 alipoichezea Ivory Coast kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 24.

Kuanzia hapo alipaa. Marseille ilimchukua 2003, akatia kimiani mabao 19 ya ligi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa Ufaransa na kuifikisha timu fainali ya Kombe la UEFA, walikofungwa na Valencia. Julai 2004 José Mourinho akalipa pauni milioni 24 kumpeleka Chelsea. Kutoka kuwa mchezaji wa akiba daraja la pili hadi kuwa mshambuliaji ghali wa London, ni kama miaka miwili na nusu tu.

Mané naye alizaliwa tarehe 10 Aprili 1992 Bambali, kijiji cha mkoa wa Sédhiou katika Casamance, kusini mwa Senegal. Baba yake alikuwa imamu, na alifariki Sadio akiwa bado mtoto mdogo. Kijijini hapakuwa na hospitali. Familia ilitaka asome, haikutaka kabisa kusikia habari za mpira. Alipofika miaka 15 alitoroka kwenda Dakar kwa msaada wa rafiki mmoja. Familia ikamtafuta, ikampata, ikamrudisha. Alikubali kurudi kwa sharti moja: amalize mwaka mmoja wa shule, kisha wamwache aende. Wakakubaliana.

Mwenyewe amesimulia siku ya majaribio Dakar. Mzee mmoja aliyekuwa akiwapima vijana alimwangalia chini hadi juu, njumu zake zimechanika na bukta si ya mpira, akamuuliza kama kweli amekuja kufanya majaribio akiwa amevaa vile. Akamjibu kwamba hivyo ndivyo alivyo navyo. Alipoingia uwanjani hapakuwa na swali la pili. Akachukuliwa na Génération Foot, kituo cha Mady Touré chenye ushirikiano na klabu ya Metz ya Ufaransa. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya wawili hawa. Mané alipanda ngazi ambayo tayari ilikuwa imejengwa: kituo kinachojulikana, klabu ya Ulaya inayopokea vijana wake, mkataba unaosubiri. Ukimtazama Drogba, yeye alikuwa akitafuta ngazi yenyewe iko wapi.

Na bado kila hatua ya Mané ilikuwa ya kiasi. Metz mwaka 2011, na msimu huo timu ikashuka hadi daraja la tatu. Red Bull Salzburg ya Austria mwaka 2012, akabeba ligi na kombe msimu wa 2013–14. Southampton mwaka 2014, na tarehe 16 Mei 2015 akaifunga Aston Villa mabao matatu ndani ya dakika 2 na sekunde 56, hat-trick ya haraka kuliko zote katika Ligi Kuu ya Uingereza. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Robbie Fowler, iliyodumu tangu 1994. Liverpool ikamchukua 2016 kwa pauni milioni 34. Jürgen Klopp amesema hadharani kwamba aliwahi kukutana naye alipokuwa kocha wa Dortmund akamwacha, na anajutia uamuzi huo.

Nimeikalia sehemu hii kwa sababu ndiyo inayomgusa kijana moja kwa moja. Mataji huja baadaye sana. Anachokutana nacho kesho asubuhi ni swali la aende kituo gani, asaini wapi, na asubiri hadi lini.

Takwimu kwa ufupi

| | Drogba | Mané |
|---|---|---|
| Mabao Ligi Kuu ya Uingereza | 104 | 111 |
| Mabao klabu kuu ya Uingereza | 164, Chelsea | 120, Liverpool |
| Kiatu cha Dhahabu (mfungaji bora wa ligi) | 2006–07, 2009–10 | 2018–19 (kwa pamoja na Salah na Aubameyang) |
| Ubingwa wa Uingereza | 4 | 1 |
| Ligi ya Mabingwa | 2012 | 2019 |
| Mchezaji Bora wa Afrika | 2006, 2009 | 2019, 2022 |
| Ballon d'Or (tuzo ya mchezaji bora wa dunia), nafasi ya juu | ya 4, 2007 | ya 2, 2022 |

Jedwali hili lisikudanganye. Mané ana mabao mengi zaidi ya ligi, lakini Drogba alikuwa Mwafrika wa kwanza kufikisha 100 katika ligi hiyo, mwezi Machi 2012. Wa kwanza kupasua pori huumia zaidi ya anayekuja nyuma. Tena kuna aina ya mabao ambayo jedwali haliwezi kuyapima, ambayo ni ya fainali. Drogba ndiye mchezaji pekee aliyefunga katika fainali nne za Kombe la FA: 2007, 2009, 2010 na 2012. Fainali ya Kombe la Ligi ya 2007 dhidi ya Arsenal ilimalizika 2–1, na mabao yote mawili ya Chelsea yalikuwa yake. Mabeki waliokuwa wakimdhibiti Agosti na Septemba, Mei walikuwa hawamwezi.

Uwanja mmoja, kipa mmoja

Bahati imetupa kipimo kizuri. Wote wawili waliwahi kwenda Munich, kwenye uwanja wa Allianz Arena, golini akiwa Manuel Neuer, wakafanya mambo ambayo hayajasahaulika. Kijana akitaka kujua yeye ni wa aina gani, atazame mechi hizi mbili mfululizo.

Tarehe 19 Mei 2012 ni fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Bayern wanacheza nyumbani kwao. Wameshapiga kona karibu 20. Chelsea hawajapata hata moja. Dakika ya 83 Thomas Müller anafunga, na uwanja mzima unajua mambo yamekwisha. Dakika ya 88 Chelsea wanapata kona yao ya kwanza. Juan Mata anaipiga, Drogba anakimbilia mlingoti wa karibu, anamtangulia beki kwa nusu hatua na kuugonga mpira kwa kichwa kwa nguvu kiasi kwamba Neuer anaugusa na bado unaingia. Katika muda wa nyongeza Drogba huyo huyo anamchezea rafu Franck Ribéry ndani ya boksi na kusababisha penalti. Petr Čech anamwokoa kwa kuudaka mkwaju wa Arjen Robben. Kisha matuta. Mkwaju wa mwisho ni wa Drogba. Anarudi hatua chache sana, anampeleka Neuer upande wa pili, na mpira unakwenda upande mwingine.

Tarehe 13 Machi 2019 ni hatua ya 16 bora, na mchezo wa kwanza Anfield ulimalizika 0–0. Dakika ya 26 Virgil van Dijk anatupa pasi ndefu kutoka nyuma. Mané anaituliza mpira ukiwa bado unashuka, mgongo ukiwa umeelekea goli. Neuer ametoka mbio kumfunika. Mané hapigi. Anageuka naye, Neuer anapitiliza, halafu kwa mguu wa kushoto anaunyanyua mpira polepole juu ya mabeki waliokwisha kurudi mstarini. Liverpool walishinda 3–1, la tatu likiwa la Mané tena, safari hii kwa kichwa, na msimu huo wakabeba kombe lenyewe Madrid.

Bao la Drogba ni la nguvu, la muda wenyewe, la mtu aliyekataa mechi isiishe. La Mané ni la mguso wa kwanza na utulivu wa kichwa. La kwanza huwezi kulifundisha kwa urahisi. Mtu analo au hana, na mwili wa mita 1.88 unasaidia. La pili linafundishika. Kutuliza mpira wa juu, kujua kipa yuko wapi bila kumtazama, kusubiri nusu sekunde kabla ya kupiga, yote hayo kocha anaweza kuyarudiarudia na vijana kwenye uwanja wa vumbi, na kila baada ya mwezi akaona tofauti.

Uzito wa jezi ya taifa

Hapa Mané anamtangulia, na nadhani hata shabiki mkubwa wa Drogba hawezi kulikwepa hili.

Kizazi cha Drogba, pamoja na ndugu Touré, Didier Zokora, Salomon Kalou na Gervinho, kilikwenda AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) baada ya AFCON kikipewa nafasi kubwa. Fainali ya 2006 jijini Cairo waliipoteza kwa matuta dhidi ya Misri, na mkwaju wa Drogba uliokolewa na Essam El Hadary. Fainali ya 2012 mjini Libreville dhidi ya Zambia, dakika ya 70, matokeo 0–0, alipewa penalti akaipaisha juu ya goli. Zambia wakashinda kwa matuta 8–7. Hiyo ilikuwa Februari. Mwezi Mei akapiga ule mkwaju wa Munich. Aliaga timu ya taifa Agosti 2014 akiwa na mabao 65, na Februari 2015 Ivory Coast wakatwaa kombe yeye akiwa nje. Inauma hata kuiandika.

Mané naye aliumizwa na penalti. Robo fainali ya AFCON 2017 mjini Franceville, mkwaju wake wa mwisho dhidi ya Cameroon uliokolewa na Senegal wakatolewa. Aliondoka uwanjani akilia. Mwaka 2019 walifika fainali wakafungwa 1–0 na Algeria. Kisha Yaoundé, tarehe 6 Februari 2022, dhidi ya Misri ya Mohamed Salah, mwenzake wa Liverpool. Dakika ya 7 Mané anapewa penalti, Salah anaonekana akiteta na kipa Gabaski kabla haijapigwa, Gabaski anaipangua. Zikafuata zaidi ya dakika 110 za kubeba mzigo huo kichwani. Matuta yalipofika, mkwaju wa tano ulikuwa wa Mané, na alijua akifunga Senegal inatwaa kombe ambalo haikuwahi kulitwaa tangu ianze kucheza soka. Aliupiga kwa nguvu zilezile za mwanzo. Ukaingia. Mwezi uliofuata, pale Diamniadio, ndiye tena aliyefunga mkwaju wa mwisho ulioitoa Misri na kuipeleka Senegal Kombe la Dunia, ingawa jeraha la Novemba lilimnyima kucheza fainali hizo Qatar.

Kijana anayeogopa kupiga penalti baada ya kukosa moja, mwonyeshe mechi ya Yaoundé yote. Usimwonyeshe ule mkwaju wa mwisho peke yake.

Umaarufu wao umetoka wapi

Wote wanapendwa, lakini hawakupendwa kwa sababu moja.

Drogba alipendwa kwa sauti yake. Ivory Coast ilikuwa imegawanyika tangu vita vya Septemba 2002, kaskazini mikononi mwa waasi na kusini kwa serikali. Tarehe 8 Oktoba 2005 timu ya taifa iliifunga Sudan 3–1 huko Omdurman, na Cameroon walipokosa penalti ya dakika za mwisho dhidi ya Misri, Ivory Coast ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Chumbani mwa wachezaji Drogba alishika kipaza sauti, akiwa na wenzake kutoka pande zote za nchi, wakapiga magoti mbele ya kamera na kuwaomba wananchi wasameheane na kuweka silaha chini. Mwaka 2007 alikwenda Bouaké, ngome ya waasi, na tuzo yake ya Afrika, na tarehe 3 Juni mwaka huo mechi dhidi ya Madagascar ikachezwa mjini humo. Walishinda 5–0, la tano likafungwa na yeye.

Watu husema Drogba alimaliza vita. Hapana, na kumpa sifa hiyo ni kuwasahau waliokaa mezani Ouagadougou Machi 2007 kusaini makubaliano. Tena baada ya uchaguzi wa 2010 nchi ilirudi kwenye damu, watu wapatao 3,000 wakafa, na mwaka 2011 Drogba akateuliwa katika tume ya ukweli, maridhiano na mazungumzo. Alichofanya ni kikubwa bila kutiwa chumvi: alitumia dakika moja ambayo nchi nzima ilikuwa inamtazama kusema jambo ambalo wakubwa walikuwa hawalisemi.

Umaarufu wake uliingia hadi kwenye vilabu vya pombe. Abidjan, chupa kubwa ya bia ilipewa jina lake. Mashabiki wa Chelsea nao walimpigia kura kuwa mchezaji bora wa historia ya klabu yao mwaka 2012. Lakini umaarufu una mipaka yake pia: alipogombea urais wa shirikisho la soka la nchi yake mwaka 2022, wapiga kura, ambao ni viongozi wa klabu na vyama na si watu wa mitaani, walimtoa katika duru ya kwanza.

Mané alipendwa kwa mambo aliyoyafanya bila kusema sana. Kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2018 alituma jezi 300 za Liverpool Bambali ili wanakijiji wazivae siku ya mechi. Akajenga shule ya sekondari. Mwaka 2021 hospitali ikafunguliwa kijijini, kule kule ambako watu walikuwa wakisafiri mbali kutafuta tiba. Mwaka 2018 ilisambaa video akisaidia kusafisha vyoo vya msikiti wa Liverpool saa chache baada ya mechi, hakuirusha yeye. Mwaka 2022 waandaaji wa Ballon d'Or walipoanzisha tuzo ya Sócrates kwa wachezaji wanaosaidia jamii, wa kwanza kupewa alikuwa yeye, na uwanja wa Sédhiou ukaitwa kwa jina lake.

Mtu akiniuliza nani maarufu zaidi, namtaja Drogba bila kusita. Hata bibi asiyetazama mpira kule Abidjan anamjua kwa lile alilolifanya Omdurman. Lakini akiuliza umaarufu wa nani kijana anaweza kuujenga kwa mikono yake mwenyewe hata asipofika Ulaya, jibu ni Mané. Kumlipia mwenzako nauli ya kwenda mazoezini hakuhitaji mkataba wa Liverpool.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuwaona karibu. Januari 2010, Ivory Coast walipojiandaa kwa AFCON ya Angola, walikuja Dar es Salaam wakacheza na Taifa Stars. Mechi iliisha 1–0, mfungaji Drogba. Miaka tisa baadaye, katika AFCON ya Cairo, Mané alikosa mechi ya Tanzania kwa sababu ya kadi, kisha dhidi ya Kenya kipa Patrick Matasi akapangua penalti yake kipindi cha kwanza. Mané alirudi na mabao mawili, moja likiwa la penalti nyingine, Senegal wakashinda 3–0. Ukimkosesha mara moja, anakuja tena.

Tabia uwanjani, na dosari zao

Hapa nitakwenda haraka. Drogba alizomewa Uingereza miaka ya mwanzo kwa kujiangusha. Alitolewa kwa kadi nyekundu katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Moscow 2008 baada ya kumpiga kibao Nemanja Vidić, na Chelsea wakapoteza kwa matuta yeye akiwa nje. Mwaka 2009, baada ya nusu fainali na Barcelona, UEFA ilimfungia kwa maneno aliyomrushia mwamuzi. Mané naye si malaika: aliwaka hadharani akiwa benchi Burnley mwaka 2019 kwa sababu Salah hakumpa pasi, na Aprili 2023 Bayern walimsimamisha na kumtoza faini kwa kugombana na mwenzake Leroy Sané. Miezi michache baadaye alikuwa Al Nassr ya Saudia.

Lipo jambo moja la Mané ambalo kocha yeyote atalipenda. Msimu wa kwanza Liverpool alicheza winga ya kulia na kung'ara. Salah alipofika 2017 akapewa upande huo, na Mané akahamishiwa kushoto. Hakuomba kuondoka. Mabao yaliyompa Kiatu cha Dhahabu aliyafunga akiwa upande ule alioupokea kwa ajili ya mwenzake.

Kwa hiyo umchague yupi?

Kijana wa miaka 12 hadi 17, hasa anayetoka kijijini au kwenye familia isiyoamini mpira, amfuate Mané. Hatua zake zinaigika: amalize makubaliano ya shule kwanza, atafute kituo kinachotambulika chenye uhusiano wa kweli na klabu ya nje, na asione aibu kuanzia Austria. Mzazi naye ajifunze kwa familia ile ya Bambali. Ilikataa, lakini mwishowe ilikaa chini na mtoto ikakubaliana naye jambo linaloeleweka. Mtoto anayetoroka bila makubaliano yoyote ndiye anayeangukia mikononi mwa mawakala wa uongo wanaokusanya fedha za wazazi kwa ahadi ya majaribio Ulaya.

Aliyefika miaka 19, 20 au 21 bila mkataba, ambaye jamaa wameanza kumshauri aache, atazame Drogba wa Le Mans na Guingamp. Simwambii kwamba kuchelewa hakuna hasara. Wengi waliochelewa hawakufika. Namwambia aangalie kilichobadilika: mwili uliozoea mazoezi ya kila siku, na klabu ndogo iliyompa nafasi ya kucheza kila wiki. Akikosa hivyo viwili, asijifariji kwa jina la Drogba.

Kwa nafasi ya uwanjani uchaguzi ni rahisi. Straika mwenye kifua na urefu, anayepokea mipira ya juu na kuwasubiri wenzake, atafute mechi za Chelsea za msimu wa 2009–10, Drogba alipofunga mabao 29 ya ligi. Winga mwepesi, au mshambuliaji anayependa kuingia ndani kutoka pembeni, atafute Liverpool ya 2018–19 na aangalie zaidi Mané anavyokimbia asipokuwa na mpira, maana ndiko kazi yake kubwa ilikofanyika.

Na kocha anayetafuta nahodha, mtu wa kusimama mbele ya wenzake timu ikiwa nyuma kwa bao moja zikiwa zimebaki dakika tano, amweke kijana huyo mbele ya Drogba. Mané amewahi kuvaa kitambaa na anaheshimiwa Senegal nzima, lakini uongozi wake ni wa vitendo, wa mtu anayefuatwa kwa sababu anafanya. Drogba aliwaambia wenzake la kufanya, wakamsikiliza, kisha akapanda kwenda kuipiga kichwa ile kona mwenyewe.